Ibn Battuta Avuka Sahara

Kila mwanafunzi wa Historia amelisikia jina la Ibn Battuta. Twafundishwa kwamba alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaona watu walioishi kwa ndizi na samaki na kusali katika misikiti ya mbao. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu mkarimu mno, ambaye siku moja ya Ijumaa, akitoka msikitini, aliombwa na fukara nguo alizozivaa, naye akaenda akazivua akampa. Basi, hapo ukurasa hufunuliwa, na Ibn Battuta haonekani tena katika madaftari yetu.

Pwani yetu alikuja kwa chombo, akaletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Safari ninayotaka kuisimulia hapa ilikuwa ya mwisho katika safari zake kubwa, na katika hiyo hapakuwa na tanga wala bahari. Alivuka jangwa la Sahara kwa ngamia, kwenda na kurudi, akiwa mtu wa makamo aliyekwisha kuona karibu dunia yote iliyojulikana na watu wake. Nimeichagua kwa sababu katika safari hiyo elimu yake yote haikumfaa kitu. Uhai wake ulikuwa mikononi mwa watu ambao majina yao hakuyaandika.

Kwanza nieleze kwa ufupi alikuwa nani. Alizaliwa Tangier, kaskazini mwa Moroko, tarehe 24 Februari 1304, katika jamaa ya makadhi, naye akasomeshwa sheria ili ashike kazi ya wazee wake. Mwezi wa Juni 1325, alipokuwa na umri wa miaka 21, aliaga wazazi wake akaenda peke yake kuhiji Makka. Ilikuwa aende arudi. Alirudi baada ya miaka 24. Katika muda huo alipita Misri, Sham, Iraki, Uajemi, Yemeni na pwani ya Afrika ya Mashariki. Akaenda nchi za Waturuki, akawa kadhi wa Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, akawa kadhi tena katika visiwa vya Maldives, kisha akafika Uchina. Aliporudi Moroko mwaka 1349 alikuta baba yake amekwisha kufa zamani, na mama yake amekufa miezi michache tu kabla ya kufika kwake, kwa ile tauni kubwa iliyoua watu wengi sana katika nchi nyingi za dunia wakati ule.

Mtu mwingine angekaa kitako. Yeye alivuka bahari akaitazama Andalusia, kisha akageuza uso kusini. Ng'ambo ya Sahara ilikuwako dola ya Mali, ambayo mfalme wake, Mansa Musa, alipita Cairo mwaka 1324 akienda Makka na kumwaga dhahabu nyingi hata bei yake ikashuka. Mansa Musa alikuwa amekwisha kufa, na sasa ndugu yake Mansa Sulayman ndiye aliyetawala. Ibn Battuta alitaka kuiona nchi hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1351 alifika Sijilmasa, mji wa biashara na wa mitende mingi uliokuwa ukingoni mwa jangwa, upande wa Moroko. Hapo alipokewa nyumbani kwa mwanachuoni mmoja ambaye ndugu yake Ibn Battuta alikuwa amekutana naye Uchina. Tazama jinsi ndugu wawili walivyoachana! Alikaa miezi kadhaa, akanunua ngamia na chakula chao cha miezi minne. Tarehe 18 Februari 1352 msafara uliondoka, na mkuu wake alikuwa mtu wa kabila la Massufa. Hawa Massufa ni Waberberi wa jangwani, ambao wanaume wao hufunika nyuso. Hakuna aliyeijua njia ile kuwashinda.

Wenzetu waliozaliwa katika nchi za ngamia watanisamehe nikieleza mambo wanayoyajua tangu utoto. Wengi wetu hudhani kwamba nundu ya ngamia ni tangi la maji. Sivyo. Nundu ni mafuta, na mwili huyatumia chakula kikikosekana. Siri ya ngamia ni kwamba aweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake asife, hali mwanadamu angekufa mapema zaidi. Na akifika kisimani aweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika 10 hivi. Hubeba kilo 150 na zaidi, siku baada ya siku, akila miiba na majani makavu. Bila yeye njia ya Sahara isingekuwako. Lakini ngamia hajui Walata iko wapi. Toka Sijilmasa mpaka Walata, kama ndege arukavyo, ni karibu kilomita 1,600, na mwenye kujua visima viko wapi ni mtu.

Baada ya siku 25 walifika Taghaza. Nadhani katika kitabu chote cha Ibn Battuta hakuna mji wa ajabu kuliko huu. Nyumba zake na msikiti wake zilijengwa kwa mapande ya chumvi, na mapaa yalikuwa ngozi za ngamia. Mti hata mmoja hapakuwa. Watu walichimba mchangani wakakuta chumvi imelala chini katika mabamba manene, kana kwamba imechongwa na fundi. Bamba mbili zilikuwa mzigo wa ngamia mmoja. Chumvi hiyo ilipelekwa kusini, na kadiri ilivyokwenda ndivyo thamani yake ilivyopanda. Mzigo wa ngamia uliuzwa Walata kwa mithkali 8 hata 10 za dhahabu. Ukifika mji wa Mali ulipata 20 au 30, na mara nyingine 40. Mithkali moja ni kama gramu nne na robo. Huko kusini watu waliikata vipande wakaitumia kama fedha.

Na waliochimba ni nani? Ibn Battuta asema kwamba Taghaza hapakai mtu ila watumwa wa Massufa. Chakula chao chote kilitoka mbali: tende kutoka Dra na Sijilmasa, nyama ya ngamia, na mtama wa nchi za kusini. Msafara ukichelewa walikuwa hawana shamba la kukimbilia wala mti wa kuchuma. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, na nzi walikuwa wengi kupita kiasi. Mgeni wetu alikaa siku 10, akaona taabu kubwa, akalalamika kwa maji na kwa nzi. Ni haki yake kulalamika. Lakini mimi niliposoma mahali hapo nilijiuliza juu ya wale waliokaa miaka. Juu yao anaandika maneno machache, kisha anaendelea na bei ya dhahabu. Alivikosa vitu vingi jangwani, lakini jicho la mfanyabiashara hakulikosa.

Hapo Taghaza walijaza viriba, kwa sababu mbele yao zilikuwako siku 10 zisizo na maji. Bahati yao mwaka ule mvua kidogo ilikuwa imenyesha. Wakakuta madimbwi, na siku moja, katikati ya vilima viwili vya mawe, bwawa la maji matamu, wakanywa na kufua nguo. Chawa walikuwa wengi sana katika jangwa hilo, hata watu walivaa shingoni nyuzi zilizotiwa zebaki ili kuwaua.

Kwa kuwa maji yalionekana, watu walijisahau. Wengine walikuwa wakitangulia mbele ya msafara, wakipata majani huwalisha wanyama wao. Katika msafara alikuwamo mtu mmoja aliyeitwa Ibn Ziri. Siku moja alikosana na binamu yake, Ibn Adi, wakatukanana. Ibn Ziri akakasirika, akabaki nyuma. Jambo dogo kabisa, ndugu wawili kununiana. Ni mambo tunayoyaona bwenini kila juma. Walipopiga kambi Ibn Ziri hakuonekana. Ibn Battuta alimshauri binamu yake amwajiri mtu wa Massufa afuate nyayo zake, huenda akampata. Ibn Adi alikataa. Kesho yake Mmassufa mmoja akajitolea kwenda bila malipo. Alizipata nyayo, mara zikifuata njia, mara zikiiacha, lakini mwenyewe hakumpata. Baadaye walikutana na msafara mwingine, nao wakasema kwamba baadhi ya watu wao wamepotea. Wakamkuta mmoja wao amekufa chini ya kijiti kidogo cha mchangani, nguo zake mwilini na kiboko mkononi. Maji yalikuwa mbele yake, umbali wa maili moja.

Ibn Ziri hakuonekana tena. Tangu siku hiyo, asema Ibn Battuta, yeye hakutangulia wala hakubaki nyuma. Jambo moja katika habari hii halinitoki: yule Mmassufa aliyekwenda kumtafuta mtu ambaye si ndugu yake, wala hakuahidiwa kitu, baada ya ndugu mwenyewe kukataa kutoa malipo.

Kulikuwako na hatari nyingine pia. Mfanyabiashara mmoja wa Tlemcen alikuwa na mchezo mbaya wa kushika nyoka na kuwachezea. Ibn Battuta alimkataza, asisikie. Siku moja aliingiza mkono katika shimo la mjusi, kumbe nyoka yumo. Aliumwa kidole. Wakakichoma kwa moto, lakini jioni maumivu yakazidi. Akachinja ngamia, akautia mkono tumboni mwake usiku kucha. Nyama ya kidole ikaoza, naye akakikata. Massufa wakamwambia kwamba yule nyoka alikuwa amekunywa maji kabla ya kumuuma. Kama asingalikunywa, angalimuua.

Sasa nimefika mahali penyewe pa habari hii. Msafara ulifika Tasarahla, penye maji ya chini ya ardhi, wakapumzika siku tatu. Watu walitengeneza viriba vyao, wakavijaza, wakavishonea magunia kwa nje ili upepo usiyakaushe maji. Kutoka hapo mpaka Walata hapakuwa na njia. Ninaposema njia hapakuwa, sina maana ya njia mbaya. Upepo ulichukua mchanga wa mahali hapa ukaupeleka pale. Leo utaona mlima wa mchanga, na ukirudi utaukuta umehama. Nyayo za msafara wa jana zilikuwa zimefutika.

Kwa hiyo kulikuwako desturi. Msafara ulimwajiri mtu mmoja wa Massufa, ambaye cheo chake kiliitwa takshifu. Huyu alitangulia peke yake mpaka Walata, akichukua barua za wasafiri kwa rafiki zao waliokuwa huko, ili wawatafutie nyumba za kupanga na watoke na maji kuja kuwapokea, mwendo wa siku nne kutoka mjini. Asiye na rafiki Walata alimwandikia mfanyabiashara mwenye sifa ya wema, naye akamwingiza katika shirika hilo la maji. Maji ya viriba hayakutosha kuwafikisha. Yalitosha kuwafikisha mahali pa kupokelewa tu. Basi, ikiwa takshifu amekufa njiani, watu wa Walata hawakuwa na habari kwamba msafara unakuja. Wasingetoka, na msafara wote ungeangamia au sehemu yake kubwa.

Ujira wake safari ile ulikuwa mithkali 100 za dhahabu, yaani zaidi ya gramu 400. Tusione nyingi. Mtu huyo alikwenda peke yake katika nchi isiyo na alama. Watu waliamini kwamba mashetani wa jangwani humchezea takshifu akiwa peke yake, humvuta na kumpoteza mpaka afe. Tukipenda tuyaite mashetani, tukipenda tuyaite kiu na jua na upweke. Mwisho wake ulikuwa mmoja.

Msafara nao ulifuata nyuma na kiongozi wake wa njia. Hapa Ibn Battuta alistaajabu, nami nilistaajabu pamoja naye. Kiongozi huyo alikuwa chongo, na jicho lake la pili lilikuwa na ugonjwa. Na bado hakuna katika msafara aliyeijua njia kama yeye. Mbele yake hapakuwa na mlima wa kudumu wala mti. Alijuaje? Kitabu hakisemi. Huenda kwa nyota, huenda kwa upepo usoni, huenda kwa rangi na harufu ya mchanga. Wafanyabiashara wenye macho mawili, na kadhi wa Delhi kati yao, walimfuata yeye.

Siku zilipita. Usiku wa siku ya saba waliona mioto mbali mbele yao. Ilikuwa mioto ya watu wa Walata waliotoka na maji. Takshifu alikuwa amefika. Wakafurahi furaha ambayo msafiri wa basi hawezi kuijua.

Baada ya hapo joto lilikuwa kali hata wakasafiri baada ya alasiri na usiku kucha, wakipiga kambi asubuhi. Walifika Walata, mji ulio katika Mauritania ya leo, baada ya miezi miwili kamili tangu waondoke Sijilmasa. Na hapo ndipo Ibn Battuta alipoonyesha upande wake ambao si mzuri sana. Naibu wa mfalme alisema na wafanyabiashara kwa njia ya mkalimani, ingawa walikuwa wamesimama karibu naye. Ibn Battuta akaona wamedharauliwa, akajuta kuja. Wakaalikwa karamu, ikaletwa nusu ya kibuyu yenye uwele uliochanganywa na asali kidogo na maziwa. Akauliza kama mtu mweusi amewaita kwa ajili ya hiki tu, akaambiwa kwamba kwao hiyo ni heshima kubwa. Mtu aliyetoka kuokolewa na maji ya watu wa mji ule sasa alifikiri kurudi kwao kwa sababu ya kibuyu! Lakini alikaa siku 50, na maneno mengine aliyoyaandika juu ya Walata ni ya haki.

Habari za Mali nitazipita upesi, maana wengi wetu tumezisoma. Alifika mji wa Mansa Sulayman Juni 1352, akaugua miezi miwili kwa kula uji wa kiazi fulani uliomuua mwenzake mmoja. Alipoletewa zawadi ya mfalme alitarajia nguo na dhahabu, kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando, akacheka. Baadaye alimkumbusha mfalme hadharani kwamba hajampa kitu, akapewa nyumba na dhahabu. Hata hivyo aliisifu nchi hiyo kwa jambo ambalo msafiri hulijua kuliko wengine: mtu aliweza kwenda peke yake, mgeni au mwenyeji, asimwogope mnyang'anyi, na mgeni akifa mali yake haikuguswa mpaka mwenye haki aichukue.

Alitoka Mali Februari 1353, akapita Timbuktu na Gao, akafika Takedda, mji wa machimbo ya shaba. Hapo alipata amri ya Sultani wa Moroko kwamba arudi. Akanunua ngamia wawili kwa mithkali 37 na theluthi moja, akachukua chakula cha siku 70, na tarehe 11 Septemba 1353 akaingia jangwani tena na msafara mkubwa.

Katika msafara huo walikuwamo wanawake watumwa 600.

Hayo ndiyo maneno yake yote juu yao. Bei ya ngamia wake aliiandika mpaka theluthi. Aliandika mahali pa maji na mahali pasipo na maji, njia ya mawe katika nchi ya Hoggar ambayo iliwachukua mwezi mzima, na jinsi wenyeji wa huko walivyowazuia, ingawa kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Ramadhani hawakuwashambulia. Wale 600 hakuandika kama walitembea kwa miguu, wala wangapi walifika. Nami sitaki kumfanya mtu mbaya kuliko watu wa wakati wake. Huko Takedda yeye mwenyewe alihangaika kutafuta mjakazi wa kununua, kama wenziwe. Lakini sisi ambao pwani yetu nayo ilipitiwa na misafara ya namna hiyo, na magofu yake bado yapo Bagamoyo na Unguja, hatuwezi kuupita mstari ule mmoja kama alivyoupita yeye. Mara tatu nimeufungua ukurasa huo nikitumaini kwamba nimeruka kitu. Sikuruka kitu.

Walitokea Buda, katika nchi ya Tuat, ambayo leo imo Algeria. Nchi hiyo ilikuwa mchanga na chumvi, tende nyingi zisizo tamu, hakuna samli wala nafaka isipokuwa iliyoletwa. Watu walikula tende na nzige. Nzige waliwindwa kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa baridi ya alfajiri huwazuia kuruka, wakawekwa akiba kama sisi tuwekavyo mahindi. Kutoka hapo alifika Sijilmasa, na mwishoni mwa Desemba akapanda milima kwenda Fez katika theluji. Alikuwa ameona theluji Bukhara na Samarkand na nchi za Waturuki, na asema kwamba hakupata kuona njia mbaya kuliko ile. Fikiri mtu aliyetoka tanurini akaingia katika barafu kwa wiki chache, na nguo zile zile!

Huko Fez Sultani Abu Inan aliamuru habari zake ziandikwe. Ibn Battuta alisimulia, na mwandishi mmoja hodari, Ibn Juzayy, akaandika. Kazi ikaisha Desemba 1355. Wakuu wa baraza walinong'onezana kwamba msafiri huyu ni mwongo, hasa kwa habari za utajiri wa Sultani wa Delhi. Mwanahistoria mkubwa Ibn Khaldun asimulia kwamba naye alikuwa na shaka, mpaka waziri mmoja alipomwonya asikatae jambo kwa sababu tu hajaliona. Ibn Battuta alimaliza siku zake akiwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, akafa kati ya mwaka 1368 na 1377. Kitabu chake kilikaa karne nyingi bila kujulikana sana nje ya nchi za Kiarabu, mpaka nakala zake zilipopatikana Algeria, na wataalamu wawili wa Kifaransa wakachapisha maneno yake yote pamoja na tafsiri kati ya mwaka 1853 na 1858. Ndiyo maana leo mtoto wa Kilwa aweza kusoma habari za mji wake katika karne ya 14.

Na Taghaza? Wamoroko waliitia mkononi katika karne ya 16, na kabla ya karne hiyo kwisha ilihamwa. Uchimbaji ukapelekwa Taoudenni, upande wa kusini-mashariki. Taghaza yenyewe, ambayo sasa imo kaskazini ya nchi ya Mali, haina mtu. Yamebaki magofu ya zile nyumba, kuta za chumvi zilizojengwa na watu wasiotajwa majina, katika nchi isiyopata mvua ya kutosha kuziyeyusha.